Mjukuu wa Mkombozi Mjini Kampala

Kwetu Kagera vita vya Amin havikai kwenye kitabu cha historia peke yake. Vipo kwenye magofu ya kanisa la Kyaka, vipo kwenye masimulizi ya daraja lililolipuliwa Novemba 1978 watu wakakosa pa kuvukia mto, vipo Kaboya kwenye makaburi ya askari wetu. Nyumbani vipo kwa babu, aliyechukuliwa mgambo akiwa kijana wa migombani, akapewa bunduki, akatembea kwa miguu mpaka Kampala. Mtoto wa huku anaijua hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba mwaka ule kabla hajaweza kuandika jina lake: uwezo, sababu, nia. Na anakua akiamini kwamba ng'ambo ya Mutukula kuna watu wanaoamka kila siku wakitushukuru.

Nilipopata nafasi ya kusoma Makerere, wazee wa nyumbani walikuwa na maswali mawili. La kwanza, kama nimeona alipolala Nyerere, maana alisomea ualimu pale kuanzia 1943 hadi 1945. La pili walilitoa kwa sauti ya chini kidogo: Waganda wanatusemaje?

Sikuwa na jibu. Chuoni tunaongea Kiingereza, na maongezi yenyewe ni ada, kazi za kikundi na umeme uliokatika. Wenzangu wengi wamezaliwa miaka ishirini na kitu baada ya vita. Amin kwao ni picha ya kuchekesha inayotumwa kwenye simu, mwanamume mnene mwenye nishani nyingi. Nao hawana kosa. Mimi mwenyewe nisingekuwa na babu yule ningekuwa hivyo hivyo.

Basi Jumamosi moja ambayo haikuwa na kipindi niliamua kuzunguka mahali ambapo mji huu unaweka kumbukumbu zake, na nikajiwekea sharti: siku nzima Kiswahili tu, labda nikwame kabisa. Anayeijua Kampala ataelewa kwamba hilo si jambo dogo. Katiba yao iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kianze kutumika na kufundishwa kwa lazima shuleni. Hayo ni makaratasi. Mtu wa Buganda aliyevuka miaka sitini alikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa askari kwenye kizuizi cha barabarani, na alichoambiwa hakikuwa salamu.

Nilianza na Mnara wa Uhuru kwa sababu tu uko njiani ukishuka mjini. Ni sanamu ya mama aliyemnyanyua mwanawe juu, mtoto kanyoosha mikono, na mafundo aliyokuwa amefungwa yamebaki yakimzunguka mama kuanzia chini. Aliyeichonga ni Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma Makerere na kufundisha pale pale. Yaani alama kuu ya uhuru wa Uganda ni kazi ya jirani, na sijawahi kusikia mtu akilalamika. Wapiga picha wa mtaani walikuwa wameshajipanga na kamera zao shingoni. Nilimsalimia mlinzi, "Shikamoo mzee," akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu zote, kwamba nisikanyage majani.

Nikapanda boda mpaka Kamwokya.

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908, ndiyo ya zamani kuliko yote Afrika Mashariki. Yalianzia kwenye ngome ya Kapteni Lugard, Mwingereza, pale kilima cha Old Kampala, yakahamia Makerere, na mwaka 1954 yakapata jengo hili la Barabara ya Kira. Mchoraji wake ni Ernst May, msanifu wa Kijerumani aliyejijengea jina Frankfurt, akaona Ujerumani ya Hitler haimfai, akaja Tanganyika kulima kabla ya kurudia kazi yake ya kuchora majengo. Mwaka 2011 serikali ilitaka kulibomoa ijenge mnara wa biashara wa ghorofa 60. Watu wakaenda mahakamani. Jengo lipo, mnara haupo, na kama unataka kujua kwa nini napenda Kampala, anzia hapo.

Ndani, kitu kilichonishika ni ukumbi wa ngoma na ala. Kuna makabati ya vioo kama kawaida, lakini vitu havikai kule kama maiti. Dada wa zamu alinikuta nimeinama kuangalia amadinda, ile marimba ya Kiganda ya vipande kumi na viwili vya mti vilivyolazwa juu ya vigogo vya mgomba, akaniuliza kama nimewahi kuiona ikipigwa. Inapigwa na watu watatu. Wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja na mistari yake, wa kwanza anapiga, wa pili anaingiza mapigo yake kwenye nafasi zilizoachwa na mwenzake, na wa tatu anadaka sauti mbili tu na kuzirudia juu. Ukimsikiliza mpigaji mmoja peke yake, hakuna wimbo. Wimbo unatokea katikati yao, na hakuna hata mmoja anayeupiga. Akanipa fimbo nipige upande mmoja, polepole, yeye akaingiza wa pili, na nikapotea mara moja kwa sababu masikio yalianza kusikia kitu ambacho mikono yangu haikuwa inafanya. Tulicheka sana.

Nikamwambia kwetu tuna enanga, ile ya kulaza mapajani, ambayo wazee hutambia habari za mashujaa usiku kucha. Ya Waganda ni nyingine kabisa, ni kinubi chenye shingo iliyopinda. Alikuwa akiongea nami Kiswahili safi, nikashangaa. Baba yake alikuwa polisi. "Tulikulia kambi ya Nsambya," akasema, "pale ukiongea Kiganda peke yake hupati hata mtu wa kucheza naye." Watoto wa kambi, kumbe, ndio Waswahili wa Kampala.

Yeye ndiye aliyenieleza habari za Kibuuka. Huyu ni mungu wa vita wa Waganda, na masalia yake yalikaa hekaluni Mbaale mpaka mmisionari John Roscoe alipoyapata na kuyapeleka Cambridge. Yalirudishwa mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, yakaja hapa. Kisha kimya cha miaka zaidi ya sitini, hadi 2024 Cambridge walipoleta tena vitu 39 vya makabila mbalimbali ya Uganda. Lakini vya safari hii vimekuja kwa mkopo wa miaka mitatu. Mwenye mali amekopeshwa mali yake na kuonyeshwa tarehe ya kurudisha! Dada wa zamu alilisema hilo bila hasira yoyote, akiwa anapangusa kioo kwa mkono wa nguo yake, nami nikabaki na hasira ya watu wawili.

Nikamuuliza kuhusu vita vya 1979. Akaniambia kwamba mwaka 2019 waliweka hapa maonyesho ya picha za wakati wa Amin. Habari hizo nilizisoma kabla sijaja. Kwenye ghala la shirika la utangazaji la taifa zilipatikana negativu zipatazo 70,000, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, zikiwa kwenye bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Zilipofunguliwa, mauaji hayakuwemo. Kulikuwa na gwaride, harusi, mashindano ya ndondi, Amin akicheza ngoma, Amin akiogelea, wafanyabiashara waliopandishwa mahakamani kwa ulanguzi. Wapiga picha wale walikuwa wanatimiza kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuonyesha nchi yenye raha. Walioandaa maonyesho walilazimika kuongeza picha za waliouawa kutoka kwingine, la sivyo mgeni angetoka akidhani miaka minane ile ilikuwa sherehe moja ndefu.

"Na Watanzania?" nikauliza.

Akafikiri. "Nenda Mengo ukaongee na wazee," akasema. "Ila kwanza uwasalimie Kiganda."

Kabla ya Mengo nilikwenda Kasubi, walikozikwa makabaka, yaani wafalme wa Buganda, na kwa Kasubi nilikuwa nimejiandaa: mwanamke haingii kwa suruali, kwa hiyo nilikuwa na kanga mkobani. Kwa mtu wa Bukoba kukagua mavazi getini si jambo geni. Nilijifunga, nikavua viatu, nikapita nyumba ya lango iitwayo Bujjabukula, na mbele yangu ukaja uwanja wa duara na ile nyumba.

Picha haziitendei haki Muzibu Azaala Mpanga. Kwenye picha ni msonge mkubwa. Ukiwa mbele yake huoni nyumba, unaona paa: nyasi zimeshuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, zimekatwa ukingoni kwa unyoofu wa ajabu, nene kuliko urefu wa mkono wangu. Wanaoezeka ni ukoo wa Ngeye, ndiyo kazi yao tangu zamani, na ndani paa limeshikwa na pete 52, kwa hesabu ya koo za Buganda. Mutesa I alijenga hapa ikulu yake mwaka 1882, akafa 1884, akazikwa humo humo. Ndiye kabaka wa kwanza kuzikwa na mwili wake wote. Kabla yake taya la mfalme lilitengwa na kuhifadhiwa mahali pake. Akafuata Mwanga, aliyefia uhamishoni Shelisheli 1903 na kurudishwa 1910. Akafuata Daudi Chwa, 1939. Wa nne ni Edward Mutesa II, kabaka na rais wa kwanza wa Uganda, aliyefia London 1969.

Huyo wa nne nilimrudia kichwani siku nzima. Tarehe 24 Mei 1966 Milton Obote, mtawala wa nchi wakati ule, alituma jeshi kuivamia ikulu ya Mengo, na aliyeliongoza jeshi ni Idi Amin. Kabaka akaruka ukuta, akapata teksi, akapotea, akaibukia Uingereza. Mwaka uliofuata falme zote zikafutwa. Kisha Januari 1971 Amin anampindua Obote, na kabla mwaka haujaisha anauleta mwili wa Mutesa kutoka London azikwe Kasubi kwa heshima zote. Waganda walilia barabarani kwa furaha na majonzi pamoja. Aliyemfukuza ndiye aliyemrudisha. Sijui kama kuna siasa nyingine iliyochezwa kwa ustadi hivyo na mtu ambaye watu wanapenda kumwita mjinga.

Kwa desturi, hata hivyo, hapa hakuna kaburi. Nyuma ya pazia la magome ya mti ndani ya nyumba kuna kibira, yaani msitu, na kabaka ameingia msituni, hajafa. Wanawake wa ukoo wa kifalme na wajane, wengine wajane kwa kurithi cheo cha bibi aliyetangulia, hukaa kwa zamu kumtunza. Ndiyo maana moto wa usiku wa tarehe 16 Machi 2010 haukuwa moto wa jengo. Watu walikimbia kutoka mjini kote, vurugu zikatokea siku iliyofuata rais alipofika, risasi zikapigwa, watu wakafa. Nani aliwasha? Kila dereva wa boda ana jibu, na majibu hayafanani. UNESCO, iliyokuwa imeliingiza eneo kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, ikaliweka kwenye orodha ya hatari mwaka ule wa moto na kulitoa 2023, ujenzi ulipofika mbali. Leo kuna vifaa vya kuzimia moto vilivyogharamiwa na Japani kando ya nyasi zile.

Mama mmoja mzee, mtunzaji, alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu kaikunja upande mmoja. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa nyumbani, maana Wahaya na Waganda kwa hili ni ndugu, nikamsalimia kwa Kiganda changu cha kuungaunga. Alipojua natoka Bukoba akanishika mkono asiuachie. Lugha zetu zinakaribiana kiasi kwamba nusu ya maneno yake niliyapata bila mkalimani. Akaniuliza kama bado tunatengeneza nguo za magome kwetu. Nikamwambia ni nadra, labda msibani, na kwa wazee wachache. Akasikitika kuliko nilivyotarajia, akaanza kunieleza namna mti wa mutuba unavyochunwa gome na kufungwa majani ya mgomba ili ujifunike upya, kama vile nikirudi nyumbani kesho ningeanza kazi. Kijana aliyekuwa akinitembeza alichoka kusubiri. Kwa Kiswahili hatukugusa hata neno, na vita sikuuliza. Haikuwa mahali pake.

Nilikula roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, pale nje ya lango, nikapatana nauli na dereva wa boda aliyeanza na bei ya Mmarekani, tukaondoka.

Ukiwa juu ya pikipiki kuelekea Mengo unapita chini ya Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana lenye kuba jekundu. Pale juu walichimba kaburi mwaka 1977 kwa ajili ya Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa tarehe 16 Februari akiwa mikononi mwa serikali. Serikali ikatangaza ajali ya gari, ikaukatalia mji mwili wake, ukapelekwa kuzikwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini. Waumini wakasali mbele ya shimo tupu. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa, na London sanamu yake imesimama juu ya mlango wa Westminster Abbey. Sikushuka, muda ulikuwa unakwenda.

Mengo nayo ina utaratibu wake wa kutembea. Kutoka Bulange, jengo la baraza la Buganda, barabara inakwenda moja kwa moja mpaka lango la ikulu, na katikati kuna mzunguko ambao magari yote yanauzunguka isipokuwa gari la kabaka. Kwake yeye kuna geti dogo linalopita katikati, kwa sababu kabaka hazungushwi. Kandokando ya barabara zimewekwa alama za koo. Ikulu yenyewe, iliyojengwa awali na Mwanga mwaka 1885, huingii ndani. Unaiona kwa nje, nyeupe, imetulia, na bustani yake kubwa ambayo humo humo watu wanaishi, wanalima mahindi na kufuga mbuzi. Baada ya 1966 jeshi liliigeuza kambi, na halikutoka haraka. Ronald Mutebi, mtoto wa Mutesa, alitawazwa 1993 falme ziliporudishwa, akakuta jumba la baba yake limechakaa.

Lakini wageni hawaji kwa ajili ya jumba. Wanaletwa kwa ajili ya shimo.

Unashuka mteremko kwa njia ya udongo, nyasi zinakugusa magoti, na mbele kuna mdomo wa zege umefunguka kwenye kilima. Kiongozi wangu, kijana mwenye fulana ya Arsenal, alieleza kwamba liliwahi kuwa ghala la silaha, na wajenzi walikuwa Waisraeli, enzi Amin bado rafiki yao. Ukipita mlango kuna ujia mrefu, na upande mmoja vyumba visivyo na dirisha, sakafu zake zimeinuka kama hatua moja juu ya ujia. Ule ujia, akasema, ulijazwa maji na maji yakawekwa umeme. Aliyekuwa chumbani alibaki chumbani. Hewa ilikuwa inakwisha kwa wingi wao.

Kwenye ukuta wa chumba cha kati kuna alama za viganja. Nyingine zimefifia, nyingine zimekolea rangi ya hudhurungi, zimepangwa kwa urefu wa mtu aliyesimama, na baadhi chini kabisa. Kuna maandishi ya mkaa. Niliangalia kiganja kimoja kidogo, vidole vimeachana, kidole gumba kimeburuzwa chini kidogo, na nikajikuta nimeficha mikono yangu mfukoni. Kijana akataja idadi ya waliokufa humo, kwa maelfu, kwa uhakika wa mtu anayetaja matokeo ya mpira. Mwongozaji wa kundi la Wachina nyuma yetu akataja idadi nyingine. Sikubishana. Lakini naona ni dhambi ndogo inayofanyika pale kila siku: mahali penye viganja hapahitaji kuongezewa hesabu ya kubuni, na hapana kibao hata kimoja chenye jina la mtu.

Mzee nilimkuta juu, karibu na lango, kwenye benchi la mbao chini ya mwembe. Nikapiga goti, "Gyebale ko, ssebo," nikamaliza Kiganda changu chote, nikaingia Kiswahili. Alinitazama muda.

"Wewe natoka Tanzania," akasema. Kiswahili cha Uganda kina sarufi yake, nami nilishaizoea. "Sauti hiyo niliisikia hapa Aprili 1979. Bakombozi."

Hivyo ndivyo walivyowaita askari wetu. Nikasema kwa fahari kidogo kwamba babu yangu alikuwa mmoja wao. Akatabasamu, akanikaribisha nikae, na kwa nusu saa nilisikiliza historia ambayo shuleni kwetu inaishia kwenye ukurasa wa mwisho wa ushindi. Ndiyo, tarehe 11 Aprili walicheza barabarani. Walipika matoke wakawapelekea askari chini ya miti. Walishangaa kuona jeshi lililokuja kwa miguu, lenye viatu vya kuchakaa, likisema "samahani mama" na "tafadhali". Baadaye wengine kati yao walipenda saa na redio kuliko ilivyofaa. Hilo alilisema akicheka, na kuongeza kwamba Waganda wenyewe ndio waliotangulia kuyavunja maduka. Kisha akaacha kucheka.

Kwa mzee huyu hesabu haianzii Kagera. Inaanzia hapa alipokaa, Mei 1966, alipokuwa mtoto akisikia mizinga huku mvua ikinyesha. Aliyeamuru ni Obote. Obote alipopinduliwa 1971 alikwenda wapi? Dar es Salaam. Nani alimpa nyumba kwa miaka yote ile? Mwaka 1979 Amin alipoondoka, aliwekwa Yusuf Lule, Mganda, msomi, aliyewahi kuwa mkuu wa Makerere, watu wakafurahi. Akakaa siku 68 akaondolewa, na vijana wakaandamana Kampala wakimtaka Lule, mbele ya bunduki za Watanzania. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi ambao mpaka leo ukiutaja mbele yake anatikisa kichwa, na aliyetoka mshindi ni Obote. Ikafuata vita ya waasi dhidi yake huko Luweero, na mafuvu yakapangwa kando ya barabara.

"Mlimtoa mmoja," akasema, "mkatuletea yule yule wa kwanza."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na majibu: kwamba nasi tulilipa, kwamba baada ya vita ile mama yangu alikua akipanga foleni ya sabuni na sukari, kwamba kuna vijana wa vijiji vyetu wamelala Kaboya. Nilimwambia hayo. Akasikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza, kisha akasema kwamba hana ugomvi na babu yangu. "Babu yako aliambiwa tembea, akatembea. Mimi nazungumza na aliyesema tembea."

Na hapo ndipo palipo pagumu kwa Mtanzania, kwa sababu aliyesema tembea, sisi tunamwombea awe mtakatifu. Kila tarehe 1 Juni mahujaji wetu hujaa Namugongo, nje kidogo ya mji huu huu, pale walipochomwa mashahidi wa Uganda mwaka 1886, na misa ya siku hiyo huwa ya kuombea mchakato wa Nyerere. Mama Maria, mjane wake, amekuwa akija. Nimekwenda, nimeimba, nimelia. Waganda wanatupokea, wanatupa mahali pa kulala, wanasali pamoja nasi. Ni mji huo huo, na pengine ni watu hao hao. Nilimuuliza mzee kama huwa anakwenda Namugongo. Akasema yeye ni Mkatoliki wa Rubaga, hajawahi kukosa, na misa ya Nyerere huwa anahudhuria. "Namwombea," akasema. "Anahitaji."

Sikuondoka nimechukia. Niliondoka nikiwa na njaa ya kuzungumza na babu.

Jua lilikuwa linashuka nilipofika Old Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa, ambao karibu kila mtu mjini anauita wa Gaddafi. Kilima hiki ndicho Lugard alichojengea ngome yake 1890. Wanawake wanapewa vitambaa vya kujisitiri mlangoni. Kanga yangu ikapunguza kazi. Nikapanda ngazi za mnara, zinazozunguka na kuzunguka mpaka magoti yanatetemeka, na juu kuna madirisha kila upande. Mwongozaji alitaja vilima kimoja kimoja: Namirembe, Rubaga, Mengo, Kibuli, Nakasero, Kololo, Makerere kwetu. Chini, kituo kikuu cha teksi kilikuwa kimejaa magari meupe yasiyosogea, na honi zilifika juu zikiwa hafifu.

Nilimpigia babu nikiwa nimeshashuka, uani, nimekaa kwenye ngazi. Nikamweleza mzee wa Mengo alivyosema. Nilitegemea atakasirika. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hajasema uongo," akauliza niko wapi sasa hivi. Nikamwambia. Akapandisha sauti.

"Ule msikiti wa kilimani? Tuliukuta umesimama nusu! Amin aliuanza akaushindwa. Umeisha?"

"Umeisha, babu. Alikuja kuumalizia Gaddafi, miaka ya 2000."

Nilisikia kicheko, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. Kwenye mapigano ya Lukaya, Machi 1979, waliokuja kumsaidia Amin ni askari wa Libya waliotumwa na huyo huyo Gaddafi. Siku ya kwanza wetu ndio waliorudi nyuma, siku ya pili wakarudi wao, na wengi wao hawakuondoka pale. Babu alikuwepo. Akaniuliza kama hapo msikitini wameandika popote majina ya wale vijana wa Kilibya waliokufa.

Nikamwambia sijaona.

"Na ya kwetu hapo mjini?"

"Sijaona pia."

"Basi tumetoka sare," akasema, na akamwita bibi aje anisalimie kabla salio halijaisha.